Ryu na Kazuya: Marudiano yanayosubiriwa tangu 2010

ALIYEKULIA kwenye mabanda ya gemu ya Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi enzi PlayStation ya kwanza inatamba, anaujua ule ubishi. Tekken 3 iko kwenye runinga, benchi limejaa, aliyepigwa anaachia pedi, na pembeni yupo mjuaji mmoja asiyekosekana. Anasema hao kina Jin na Paul mnaowashangilia si lolote, wangekutana na Ryu wa Street Fighter wangechakazwa.

Ubishi ule haukuwa na mwamuzi. Street Fighter ni mali ya Capcom ya Osaka, Tekken ni mali ya Namco ya Tokyo, na kila kampuni ilikaa na watu wake. Ulikuwa sawa na kubishana kama bondia angemuweza mcheza mieleka. Unasema unachotaka, hakuna wa kukuumbua.

Julai 2010, mwamuzi akapatikana. Kwenye maonyesho ya Comic-Con mjini San Diego, Marekani, Yoshinori Ono aliyekuwa bosi wa Street Fighter pale Capcom alionyesha Ryu akisimama uso kwa uso na Kazuya Mishima wa Tekken. Ukumbi ukalipuka. Kabla kelele hazijatulia, Katsuhiro Harada, bosi wa Tekken, naye akapanda jukwaani, na ikajulikana kwamba dili ni la magemu mawili. Capcom itatengeneza Street Fighter X Tekken kwa sheria zake, kisha Namco itatengeneza Tekken X Street Fighter kwa sheria zake. Hiyo X husomwa "kros".

Kwa lugha ya mpira, ilikuwa mechi ya nyumbani na ugenini.

Mechi ya kwanza ilichezwa Machi 2012. Ya marudiano haijachezwa hadi leo, na kila mara jina moja kutoka gemu moja linapochomoza kwenye gemu jingine, mashabiki hufufua matumaini yao pamoja na hasira zao za zamani.

UGUMU WA KUWAKUTANISHA

Kwa asiyecheza, kuwaweka wapiganaji wa magemu mawili kwenye ulingo mmoja ni suala la kuwachora tu. Wachezaji wanajua kwamba kazi iko kwingine kabisa.

Street Fighter inapigwa kwa vitufe sita: ngumi tatu na mateke matatu, dhaifu, wastani na nzito. Wapiganaji wanakwenda mbele na nyuma kwenye mstari mmoja, wanaruka juu, na wengine wanarusha makombora. Hadouken ya Ryu, lile tufe la bluu linalotoka viganjani, ndiyo silaha inayojulikana kuliko zote katika magemu ya kupigana. Mchezo mzima ni kugombea nafasi: nikurushie kombora uruke, ukiruka nikudake angani.

Tekken ina vitufe vinne, na kila kimoja ni kiungo cha mwili. Mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mguu wa kushoto, mguu wa kulia. Ulingo wake una kina, kwa hiyo mtu anaweza kukwepa kwa kupiga hatua ya pembeni. Kombora hapa si silaha ya kila mtu. Mambo yanaamuliwa karibu karibu, na ukinyanyuliwa hewani umekwisha, unapigwa kombo ndefu kama mpira wa danadana mpaka ushuke chini nusu ya uhai imeyeyuka.

Sasa mkutanishe mrusha makombora na mtu wa kukwepa pembeni. Ukiuacha ulingo wa mstari mmoja, Kazuya anakatwa miguu. Ukiuweka ulingo wenye kina, Hadouken ya Ryu inapita hewani bila kumgusa mtu. Lazima mmoja apoteze kitu. Ndiyo maana wazo la magemu mawili liliwafurahisha hata wagumu: kila timu ingepata mechi moja kwa mazingira yake, halafu watu wahesabu jumla ya magoli.

Harada na Ono nao waliipika vilivyo. Kwa takriban miaka miwili walizunguka kwenye maonyesho na mashindano wakitupiana vijembe vya kuigiza, mmoja akimvamia mwenzake katikati ya mazungumzo, kama mabondia kwenye siku ya kupima uzito. Ulikuwa utani, lakini utani uliouza.

MECHI YA KWANZA

Street Fighter X Tekken ilipotoka kwa PlayStation 3 na Xbox 360, ilikuwa na wapiganaji 38, kila upande 19. Hadithi yake ilikuwa sanduku la ajabu linaloitwa Pandora lililoanguka Ncha ya Kusini, kila mtu analikimbilia. Unachagua wawili na kuwabadilisha katikati ya pambano. Mmoja wao akipigwa hadi chini, raundi imekwisha hata kama mwenzake ni mzima, sheria iliyochukuliwa kwenye Tekken Tag.

Ulikuwapo utamu wa kweli. Poison, ambaye mashabiki walimlilia miaka mingi, hatimaye alichezeka katika gemu lenye jina la Street Fighter. Kombo za kubadilishana wapiganaji zilikuwa za kupendeza macho. Wenye PlayStation waliongezewa wageni watano, akiwemo Pac-Man aliyekuja amepanda roboti la mti lenye sura ya Mokujin wa Tekken. Hapo Capcom ilicheza vizuri.

Kisha kuna Mega Man. Capcom ilimleta shujaa wake huyo si kama anavyojulikana, bali kama alivyochorwa vibaya kwenye kasha la Marekani la 1987, mzee mwenye kitambi na bastola. Kwa Ono ulikuwa mzaha. Kwa mashabiki wa Mega Man, ambao mwaka 2011 walishuhudia Mega Man Legends 3 ikifutwa kabla ya kutoka, ilikuwa kama mtu aje kukuchekesha msibani. Hilo lilikuwa dogo ukilinganisha na lililofuata.

Gemu lilipofika sokoni, watu wenye ujuzi wa kuchokonoa data walifungua diski na kukuta wapiganaji 12 zaidi wamelala humo humo. Sita wa Street Fighter: Blanka, Cody, Dudley, Elena, Guy na Sakura. Sita wa Tekken: Alisa, Bryan Fury, Christie, Jack-X, Lars na Lei Wulong. Walikuwa ndani ya diski ambayo mtu ameshailipia dola 60 za Marekani, lakini wamefungiwa. Ufunguo wao ulikuja kuuzwa Julai 31 mwaka huo kwa dola 20.

Moto ukawaka. Capcom ilijitetea kwamba hakuna tofauti kati ya kuuza mpiganaji aliyemo kwenye diski na kuuza yule wa kushusha kwenye intaneti, na kwamba kuwaweka humo kunawawezesha walionunua na wasionunua kupigana bila matatizo. Hoja ya pili ina mantiki ya kiufundi. Ya kwanza haikumwingia mtu. Mnunuzi anaiona diski iko mkononi mwake, kitu kimo ndani, na muuzaji anamwambia hicho si chako. Ni sawa na kununua tiketi ya jukwaa kuu halafu ukute kiti chako kina kufuli, na ufunguo unauzwa getini. Toleo la PS Vita lililotoka Oktoba likawa na hao 12 bila nyongeza, na walionunua mapema wakajiona wamelipa ada ya uaminifu wao. Miezi miwili baada ya gemu kutoka, Capcom ilisema itautazama upya utaratibu huo.

Hapo ndipo shaka ilipozaliwa, na haijafa. Kabla ya 2012, mchezaji aliyesikia habari ya gemu la kuchanganya aliuliza nani yumo. Baada ya 2012 anauliza nani amefichwa, na kwa bei gani.

VITO NA SAA

Wachezaji wa mashindano walikuwa na malalamiko yao mengine, na kwa kweli ndiyo mazito zaidi kimichezo.

La kwanza ni vito. Kabla ya pambano kila mpiganaji alivalishwa vito vya kumuongezea nguvu, kasi au ulinzi. Vingine vilitolewa kama zawadi kwa walioagiza gemu mapema, na maduka tofauti yalitoa vito tofauti. Fikiria bondia mwenye glovu nzito kuliko mwenzake kwa sababu amenunua duka jingine. Mbali na haki, kulikuwa na muda: mashindano yenye mamia ya watu hayawezi kusubiri kila mmoja apange vito vyake kwenye mashine asiyoijua.

La pili ni saa. Mpiganaji aliyepumzika alirudisha sehemu ya uhai, kwa hiyo wajanja walibadilishana, wakarudi nyuma, wakabadilishana tena. Mapambano mengi yaliishia dakika zimekwisha, mshindi ni mwenye uhai zaidi kidogo. Watazamaji walisinzia. Timu ya mpira inayopiga pasi za nyuma kwa dakika 90 inaweza kuchukua kombe, lakini usitegemee watu warudi uwanjani.

Ongeza hitilafu. Sauti ilikatika katika mapambano ya mtandaoni. Kipindi fulani, kisu cha Rolento kikigongana na kombora la mpinzani, gemu liliganda. Watu walikuwa wakifanyia mazoezi kombo huku wakiogopa kisu.

Bado lilipata nafasi Evo, mashindano makubwa ya magemu ya kupigana yanayofanyika Las Vegas. Mwaka 2012 lilichezwa kwa timu za watu wawili na kombe likaenda kwa Wakorea, Infiltration na Laugh. Januari 2013 Capcom ilitoa maboresho makubwa yaliyopunguza ule mchezo wa kusubiri saa, na waliokuwa wamebaki walikiri kwamba sasa gemu ni tamu. Infiltration alishinda tena Evo ya 2013. Mwaka 2014 gemu halikuwamo kwenye orodha.

Huo ndio uchungu wa kweli wa wachezaji hawa. Mtu alitumia mwaka mzima akijifunza wawili wake, akalipa nauli, hoteli na kiingilio, na gemu lilipotengemaa ukumbi ulikuwa umeshazimwa taa. Mauzo nayo hayakufika Capcom ilikotaka, na yenyewe ilikiri kwa wawekezaji kwamba ilikuwa imetoa magemu mengi mno ya kupigana kwa muda mfupi, yakalana yenyewe kwa yenyewe.

GOUKI ABISHA HODI

Namco, wakati huo ikiitwa Namco Bandai, ilitazama yote hayo ikiwa upande wa pili. Harada aliahirisha. Alisema hataki kugongana na gemu la Capcom, kisha akasema wakati mzuri haujafika, kisha gemu likasimamishwa. Baadaye alieleza kwamba kazi ilifika takriban asilimia 30 na kuishia hapo. Kwa shabiki, hiyo asilimia 30 ni mateso kuliko sifuri. Maana yake kuna mahali Ryu wa Tekken alishatengenezwa, akapiga hatua ya pembeni, na hakuna aliyeruhusiwa kumuona.

Halafu Desemba 2015 likatokea jambo. Katika kutangaza toleo jipya la Tekken 7, Akuma wa Street Fighter, ambaye Wajapani humuita Gouki, alitokea. Hakuja kama pambo. Aliingizwa kwenye hadithi yenyewe: Kazumi, mke wa Heihachi Mishima, aliwahi kuokoa maisha yake, naye anakuja kulipa deni kwa kuwaua Heihachi na Kazuya.

Mashabiki wa marudiano walishika vichwa. Wengine waliona mlango umefunguliwa, na kwamba Namco inajaribu maji kwa kidole kabla ya kujitosa. Wengine waliona kinyume: hiki ndicho mtakachopewa, kuleni mlale.

Kiufundi, Akuma alijibu swali la zamani. Alikuja na kombora lake, na kuruka kwake na mita yake ya nguvu za ziada, vyote kwenye ulingo wa Tekken wenye kina. Aliwezekana. Aliwezekana mno, wakasema waliopigwa naye, kwani mtu wa Tekken aliyezoea kusoma mikono na miguu ghafla alilazimika kumsoma mtu anayeshuka kutoka juu. Tekken 7 ilipoingia kwenye PlayStation 4, Xbox One na kompyuta Juni 2017 iliendelea kukaribisha wageni: Geese Howard wa Fatal Fury, Noctis wa Final Fantasy XV, hadi Negan wa tamthilia ya The Walking Dead. Tekken 8 iliyotoka Januari 2024 ikamleta Clive wa Final Fantasy XVI Desemba ya mwaka huo.

Mgeni mmoja mmoja ni biashara salama. Akikataliwa, hasara ni ya mtu mmoja, gemu linabaki. Akipendwa, pasi ya msimu inauzika. Ila hakuna anayeweza kudai kwamba mgeni mmoja ni mechi.

WALIOCHEZA ZOTE MBILI

Kinachowauma zaidi mashabiki wa Tekken ni kwamba jirani kafanikiwa. Capcom na SNK, mahasimu wa Osaka tangu miaka ya 1990, walishawahi kuchanganya vikosi, na Capcom vs. SNK 2 ya 2001 bado inatajwa kwa heshima na wazee wa fani. Safari hii wamebadilishana wachezaji. Terry Bogard alihamia Street Fighter 6 Septemba 2024, Mai Shiranui akamfuata Februari 2025. Ken na Chun-Li wakavuka kwenda Fatal Fury: City of the Wolves. Wawili kwa wawili, nyumbani na ugenini, na kila mmoja alitengenezwa upya kwa sheria za mwenyeji wake.

Lawama kubwa haikuja, labda kwa sababu waliambiwa mapema nani anakuja, lini, na kwa malipo gani. Hakuna aliyemkuta Mai amefungiwa kwenye diski.

Lakini hata huko mambo hayakuwa shwari. Machi 2025 SNK ilitangaza kwamba katika City of the Wolves atakuwemo Cristiano Ronaldo. Ndiyo, Ronaldo huyu huyu wa Al Nassr, akipiga mashuti ulingoni dhidi ya wana karate. SNK inamilikiwa karibu yote na taasisi ya MiSK ya Saudi Arabia, na Ronaldo anachezea Riyadh, kwa hiyo hesabu haikuwa ngumu kujumlisha. Wapo waliocheka na kumchukua mara moja. Wapo waliosema nafasi yake ilikuwa ya mpiganaji aliyesubiriwa tangu Garou ya 1999. Wote wawili wana haki, ingawa wa pili walisubiri miaka 26, na hilo si jambo la kumcheka mtu.

Hofu hiyo ndiyo inayozunguka pia kwa wanaoota marudiano ya Ryu na Kazuya. Ikija leo, itakuja na nini? Oktoba 2024 mashabiki wa Tekken 8 walikasirika pale uwanja mpya wa kupigania ulipouzwa peke yake, nje ya pasi waliyokwisha kulipia, na kelele zikawa kubwa hadi Harada akajitokeza hadharani kulizungumzia. Uwanja mmoja tu. Mtu aliyeiona 2012, akaiona na hiyo, akisikia wapiganaji 40 wa kampuni mbili anaanza kupapasa mfuko kabla hajashangilia.

Na waliotoa ahadi hawapo tena kwenye viti vyao. Ono aliondoka Capcom mwaka 2020. Harada, baada ya takriban miaka 30 na Tekken, alitangaza Desemba 2025 kwamba anaondoka Bandai Namco mwishoni mwa mwaka huo. Kila alipokuwa akikutana na mashabiki, swali la Tekken X Street Fighter halikukosekana, na mara nyingi alilipokea kwa mzaha. Sasa litaelekezwa kwa mtu mwingine ambaye hakuwepo San Diego.

Kwa hiyo yule mjuaji wa benchi la Tekken 3, kama bado yupo, ana nusu ya jibu lake. Anaweza kuchukua gemu la Capcom, kumuweka Ryu dhidi ya Kazuya, na kuona nani anabaki amesimama. Lakini Kazuya wa humo anapigana kwa vitufe sita, kwenye mstari mmoja, bila hatua ya pembeni. Shabiki wa Tekken akipigwa hapo anayo sababu ya kugoma kuachia pedi.